Vrettos, Aliyeokotwa Njia Panda

Alizaliwa Februari 1871 katika kijiji cha Palioklisi, milimani Epiro, katika nchi ya Wagiriki, mtoto wa mchunga kondoo Zikos na mkewe Asimina. Kaka zake wote walikuwa wamekufa kabla ya kuota meno. Basi Asimina akafanya kama walivyofanya wanawake wa huko: alfajiri alimlaza kichanga njia panda, akajificha nyuma ya ukuta wa mawe, ili mpita njia wa kwanza amwokote, amsimamie ubatizo na kumpa jina, na mauti yasimtambue tena kuwa wa nyumba ile.

Aliyetokea ni Kiratso, mjane aliyewazika wanawe wote, ambaye kijiji kizima kilimwita mkono wa nuksi. Alimwona mtoto, akajifunika shela, akataka kupita.

"Usimwache, dada!" Asimina alilia, akitoka mafichoni.

"Mimi tena? Una wazimu? Kila ninachokishika kinakufa! Ngoja apite mwingine."

"Mungu kakuleta wewe. Mwokote!"

Kiratso akamwokota, na kanisani akamwita Vrettos, maana yake kwa Kigiriki "aliyepatikana". Jina hilo hupewa watoto wa namna hiyo tu, ndiyo maana walio nalo ni wachache. Babu yake Lambros, aliyetazamia kumrithisha mjukuu jina lake kama ilivyo desturi, alifoka: "Hilo ni jina la mbuzi aliyepotea!" Lakini mtoto aliishi. Kiratso hakuthubutu kumgusa tena. Kila Pasaka aliweka mshumaa na mayai mekundu kizingitini pa nyumba ya mtoto, akaondoka mbio asije akamdhuru. Inauma hata kuisimulia.

Vrettos alipokua aliingia utawani. Siku ya kuwekwa wakfu, mkuu wa monasteri alitaka kumpa jina jipya kama wenzake. Akapiga magoti: "Baba, nivue yote, ila jina hili niachie. Yuko mtu ambaye bado haamini kwamba nimeishi." Akaachiwa. Tangu hapo kazi yake ikawa kuwatafuta waliopotea thelujini, na waliookolewa walisema upepo haukuizima taa yake kamwe.

Mwaka 1903 Kiratso, mzee aliyekwisha kupotewa na kumbukumbu, alitoka nyumbani usiku wa theluji asirudi. Vrettos alimkuta njia panda ile ile, akamvika joho lake, akambeba.

"We mtoto wa nani?"

"Wako, mama. Vrettos. Uliniokota hapa hapa."

Akampapasa ndevu. "Kumbe hukufa!"

"Sikufa, mama."

Kiratso akacheka kwa sauti, kicheko ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

Lakini baridi ilikuwa imemwingia Vrettos kifuani. Alipokuwa anakata roho, majirani walinong'ona mlangoni kuhusu ule mkono. Akawasikia. "Nyamazeni," alisema. "Mkono huo ndio ulionipa miaka yangu yote." Akaomba aushike, akafa ameushika.

Tangu siku hiyo, huko Palioklisi mjane ndiye wa kwanza kumpakata kila mtoto anayezaliwa. Nasi tunaomheshimu Vrettos kama mtakatifu tunaye jirani ambaye hatujawahi kumpa mtoto wetu ampakate. Twende tukampe.