Radhi Aliyoitaka Muhsina

Muhsina binti Marhoon hakuwa mtu wa kelele. Ukimkuta afisini kwake Khuwair ya Kusini, juu ya duka la mapazia, ungedhani ni karani tu aliyekuja kufungua mlango. Kumbe afisi ni yake, kompyuta ni zake, na ile programu iliyokuwa ikiingia katika simu za Wazanzibari wa Maskati nzima ni kazi ya kichwa chake. Ukimsifu, atasema "Alhamdulillahi," kisha akuulize watoto hawajambo.

Programu yenyewe ilikuwa ya misiba. Usicheke. Wenzake wametengeneza michezo ya kompyuta wakajenga maghorofa. Yeye alitengeneza kitu cha kupeleka khabari za kifo, na alikuwa na sababu yake.

Baba yake, Mzee Marhoon, alikufa mwaka wa tisini na moja, mwezi wa Julai, joto la kuivisha mkate juu ya jiwe. Maiti haingoji joto kama lile. Alfajiri amekufa, kabla ya adhuhuri yuko kaburini. Wenziwe aliosoma nao Unguja, waliokula naye sahani moja, wametapakaa Ruwi na Sib na Mawaleh, na hakuna aliyejua. Mkewe, Bi Shaikha, alisimama dirishani akaziangalia zile gari chache zikifuata jeneza, akasema, "Baba yako wamemzika kama mgeni." Muhsina alikuwa nyuma yake, na neno lile halikumtoka moyoni.

Nikwambie ilikuwaje. Mfiwa kwetu hapigi simu. Mfiwa analia, wengine ndio wanaoeneza khabari. Na kazi hiyo miaka yote ilikuwa ya Bi Kheiria, shoga yake Bi Shaikha tangu usichana. Mwanamke yule alikuwa na nambari za watu wote kichwani, hata kitabu hana. Anamwambia huyu, huyu anamwambia yule, mpaka mchana mji mzima umejua. Siku aliyokufa Mzee Marhoon, Bi Kheiria alikuwa Dubai kwa mwanawe wa kiume. Basi hapakuwa na wa kushika simu.

Muhsina wakati ule alikuwa akifanya kazi ya kompyuta serikalini. Simu za mkononi zilipoenea, akaacha kazi, akajifungia, akaja na programu yake. Mtu akifa, jamaa mmoja anampa Muhsina khabari, naye anabonyeza mara moja. Simu za watu wote zinalia: nani kafa, anasaliwa msikiti gani, anazikwa wapi, wanaume wanakaa wapi, wanawake wapi. Ukibadilisha nambari, unampelekea mpya, programu inaishika. Basi ikawa maiti ya Kizanzibari Maskati haizikwi na watu wachache tena. Hata kizee asiye na mtoto, safu zinajaa mpaka nje ya msikiti.

"Weye mtoto umeniachisha kazi!" Bi Kheiria akimtania. "Sasa mie ntajuaje nani kafa kabla ya wenzangu?"

"Utajua pamoja nao, Bi Kheiria. Pumzika."

"Ntapumzika kaburini, mwanangu." Lakini alipumzika. Nambari zile, kwa kuwa hazitumiwi, zikaanza kumtoka moja moja. Na wale wanawake waliokuwa wakipokezana khabari nao wakaacha. Ya nini, na programu ipo?

Bi Shaikha ndiye aliyefurahi kuliko wote. "Mie nikifa, nnataka watu," alikuwa akisema na kikombe chake cha chai mkononi. "Na anikoshe Kheiria. Tumeahidiana, atakayetangulia, mwenziwe amkoshe."

"Mama, hayo ya nini na chai?"

"Yanasemwa ukiwa mzima. Ukishakufa utasemaje?"

Sasa njoo kwenye balaa. Muhsina alikuwa na mdogo wake, Sleiman, dereva wa teksi Amerika, ana mke na watoto wanne. Wazanzibari wa kule walipoisikia programu nao wakaitaka, na Sleiman akaiandikisha mtandaoni kwa jina lake. Ilikuwa bure. Hakuna aliyeingiza hata baisa.

Mwaka wa elfu mbili na saba ikamfikia Muhsina barua kutoka kwa kampuni moja ya Amerika. Inasema kampuni ile ndiyo yenye hataza, yaani haki ya ubunifu, ya kupeleka khabari moja kwa simu za watu wengi kwa mara moja. Kwa hiyo Bibi Muhsina ametumia mali ya watu bila ya ruhusa. Muhsina aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Yeye kumwibia mtu?

Na hapa ndipo alipokosea, na kosa lile asingelifanya ila mtu aliyelelewa kama alivyolelewa yeye. Kwetu, mtu akija mlangoni kwako analalamika, kwanza unamtaka radhi, kisha ndiyo unamuuliza umemfanya nini. Hata kama mwenye makosa ni yeye. Ndiyo adabu. Muhsina akamsomea mamake ile barua, na Bi Shaikha akasema, "Mtake radhi mtu wa watu. Radhi haikupunguzii kitu."

Hakwenda kwa wakili. Jioni ile ile akawaandikia kwa Kiingereza chake kizuri: waheshimiwa, nimesikitika mno kama nimekukoseeni, sikujua, nnakutakeni radhi kwa niaba yangu na ya ndugu yangu, naomba mnisamehe. Akaipeleka, akalala usingizi mwema.

Usingizi mwema! Laiti ningekuwepo ningemkata mkono.

Hawakumjibu. Walimshitaki Sleiman, maana ndiye aliye karibu nao, na ile barua ya radhi wakaitia katika mashitaka: dada mtu mwenyewe keshakiri.

Ndipo Muhsina alipokwenda Ruwi kwa Aflah, wakili, kijana wa watu wanaojuana nao. Aflah akazisoma karatasi, akaulizia Amerika kwa simu, kisha akavua miwani.

"Da Muhsina, hawa hawatengenezi kitu. Hawana programu, hawana mteja, wana chumba na mlango. Wamenunua hataza, wanakaa wanawatazamia wanyonge. Ni kama mtu asiyepika hata chai, akasema sufuria zote za mtaani ni zake."

"Lakini mimi nimeanza kabla yao. Nnao ushahidi."

"Najua. Mbele ya jaji ungeshinda."

"Basi twende mbele ya jaji."

Aflah akazikunja karatasi. "Kufika huko mbele ya jaji ndiko kwenye gharama. Nimezungumza na wakili wa kule. Kama si barua hii ya radhi, angetusaidia, kesi ingekuwa nyepesi. Sasa anasema lazima kwanza aihangaikie barua, na kesi itakwenda miaka. Nyumba yenu ya Khuwair ukiiuza haitoshi. Na Sleiman atakuwa akiacha teksi kila siku aende mahakamani."

"Kwa ajili ya radhi?"

"Wao hawajui radhi, Da Muhsina. Kwao ukisema nisamehe, umekiri."

Usiku Sleiman akapiga simu. Hakulaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alisema tu kuwa mkewe halali, na kwamba mwenye teksi keshasikia habari ya kesi. Kisha akauliza, "Mama hajambo?" na sauti ikakatika.

Mwenye nguvu mpishe. Muhsina akakubali mapatano. Wao watamwacha Sleiman. Yeye Muhsina ataifunga programu, Amerika na Maskati na popote, ataifuta na nambari zote za watu zilizomo, na hataitengeneza nyingine ya mfano wake. Nusu shari kuliko shari kamili, akajisemea. Siku ya kutia saini, Aflah alitazama dirishani akasema polepole, "Ukibaki na nakala ya nambari nyumbani, mimi sijasikia na sijaona."

"Nimeweka saini yangu, Aflah."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Mwingine angeificha chini ya godoro. Muhsina? Thubutu! Alirudi afisini, akafuta yote, mpaka kompyuta ikabaki tupu, akaushika mtandio wake akajifutia uso. Watu walipomuuliza mbona simu hazilii tena, alisema programu imeharibika. Wengi walidhani ameshiba, hana haja nao.

Bi Shaikha hakulielewa jambo lile mpaka mwisho wake. "Yaani umewataka radhi, na bado hawakuridhika?" aliuliza mara nyingi. "Watu gani hao, jamani?" Kisha angeongeza, kama anayejipa moyo, "Si kitu. Kheiria yupo."

Alikufa miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni, asubuhi, kwenye kiti chake, chai bado ina mvuke. Muhsina akamfunga kidevu kwa kitambaa, akambusu, na la kwanza lililomjia ni Bi Kheiria. Mfiwa hapigi simu, lakini nani mwengine apige? Akapiga simu ya nyumba ya Bi Kheiria. Ikalia, ikalia. Akapiga tena. Hakujua kuwa wiki chache tu nyuma Bi Kheiria amehamia Mawaleh kwa bintiye, Khawla, na nambari ya Khawla ilikuwa miongoni mwa zile alizozifuta kwa mkono wake.

Akawapigia aliowakumbuka. Wengine simu zao zimebadilika. Wengine walijibu, wakalia, wakasema watawaambia wenzao, kila mmoja akidhani mwenzake keshajua. Joto nalo halikungoja. Bi Shaikha alikoshwa na jirani wawili, watu wema, Mungu awalipe, lakini hawakuwa wakimjua hata jina la ujana wake. Msikitini safu hazikutimia mbili. Mwanamke yule! Hapana maziko aliyoyakosa Maskati, hapana mfiwa ambaye hakukaa naye jamvini.

Muhsina alisimama dirishani pale pale aliposimama mamake, na gari zilikuwa chache vile vile.

Siku za matanga zilipokwisha, alikwenda soko la Mawaleh kununua vitu vya khitma. Alikuwa akichagua ndizi aliposikia sauti anaijua.

"Lo, Muhsina! Umenitupa, mwanangu!"

Ni Bi Kheiria, ameshikwa mkono na Khawla, amepungua, lakini kicheko ni kile kile.

"Mamako hajambo? Mwambie nimehamia huku, na simu hii ya mkononi siijui kuitumia. Ngoja." Akajipinda, akachagua kichane cha mkono wa tembo kilichoiva vizuri, akakitia katika mfuko wa Muhsina. "Mpelekee. Anazipenda hizi. Mwambie Ijumaa ntakuja tunywe chai."

Muhsina akaukamata mkono wa kizee yule kwa mikono yake yote miwili. Akamwambia. Alimwambia kwa sauti ndogo, katikati ya soko, watu wakipita na vikapu vyao.

Bi Kheiria hakupiga ukelele. Alimtazama tu kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta nambari iliyomtoka.

"Nani aliyemkosha?" akauliza.

"Majirani."

"Na mie nilikuwa hapa. Hapa tu." Machozi yakamshuka. "Niwie radhi, mwanangu. Sikupata khabari."

"Mimi ndiye wa kukutaka radhi, Bi Kheiria," Muhsina akasema, na ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mamake afe, na mfuko wa ndizi bado uko mkononi.