Mzee Niliyemstaafisha Bila Kumsikia

Mwanangu, kwa kuwa umewekwa kwenye kamati ya kuwapima wazee wa baraza letu la usuluhishi, acha nikusimulie upumbavu wangu kabla hujafanya wa kwako. Nilipokuwa na umri wako, hapa hapa kwenye kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, nilimstaafisha mzee mzima bila kuinuka kwenye mkeka wangu.

Unanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Hata mji wa Mbarara naujua zaidi kwa kusimuliwa. Siku zile wazee wa baraza walikuwa wengi, ikaamuliwa wapungue. Nikaambiwa, kwa kuwa nimefika sekondari, niende nikawatazame wakiamua mashauri, halafu niseme nani abaki na nani apumzike. Mashauri yalisikilizwa ng'ambo ya kilima, karibu na kanisa. Kilima, mwanangu! Nikaona haina haja. Watu wanapita mbele ya nyumba yangu wakitoka huko, nitawauliza.

Wa kwanza kupita alikuwa jamaa aliyetoka kushindwa shauri la mpaka wa shamba la maharage. Nikamuuliza habari za Mzee Salvatori, mmoja wa wazee walioamua shauri lake.

"Yule? Anafumba macho, anasinzia tu."

Sikuuliza zaidi, chai yangu ilikuwa inapoa. Nikapeleka neno kwamba Mzee Salvatori amechoka, na baraza likampumzisha.

Sasa, kwetu Warundi, mtu akishatawazwa kuwa mushingantahe, mwamuzi wa kijiji, heshima ile huenda nayo mpaka kaburini. Kumwondoa eti analala kazini ni kumvua nguo barabarani. Wajukuu wake walianza kutaniwa bombani.

Akaja kwangu. Alinikuta nyumbani, bila shaka. Akakaa, akafumba macho, akaniacha nijikanyage kwa visingizio, kisha akanirudishia kimoja kimoja bila kufumbua macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba hasinzii, ndivyo anavyosikiliza.

"Mwana wangu," akasema, "hata mwizi wa kuku nilimuuliza kwanza, ndipo nikamhukumu. Mimi uliniuliza lini?"

Kesho yake nilikipanda kile kilima, tena kwa miguu yangu hii. Nikasema yote mbele ya baraza. Walicheka, na Salvatori akacheka kuliko wote. Wakamrudisha. Alipofika miaka sabini, umri ambao baraza liliwawekea wote, aliondoka kwa makofi na pombe ya ndizi, wala hakuna aliyenong'ona nyuma yake.

Basi nenda, ukamwone mtu akiwa kazini. Aliyeshindwa shauri msikilize, lakini asiwe peke yake. Ukiona kosa la mzee, mwambie usoni, naye ajibu kabla hujaamua. Na umri usiuchanganye na uzembe: kama ni sabini, iwe sabini kwa rafiki yako na kwa usiyempenda, bila kumzushia mtu uchovu ili atoke mapema. Mungu akupe masikio yenye subira, na miguu mizuri kuliko yangu.

Mimi mwenyewe, ambaye sasa ni mzee wa baraza hilo hilo, natimiza sabini mwaka huu. Jana nikamdokezea jirani yangu Mkongo, Mama Odette, kwamba labda baraza lingeniongezea kamwaka kamoja, maana akili bado ninayo. Hakuacha hata kutwanga sombe yake, yaani kisamvu.

"Papa, ulitumikia baraza muzuri, hakuna mutu anakatala," akasema. "Lakini sabini ni sabini. Toka kwa kiti, bengine bakae."