Rekodi Safi za Chang'ombe

Mie ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Ukiratibu programu ya uzamivu ya sayansi ya ubongo, tena kwa hela za wafadhili walio mbali, unajikuta unamchunguza kila mtu kuanzia mlinzi wa getini. Miaka ya nyuma mwanafunzi wetu mmoja alijifungia chumbani akatunga majibu ya wagonjwa ambao hakuwahi kuwaona. Alipobambwa, wafadhili wakasitisha ufadhili wa darasa zima. Wenzake wasio na kosa wakarudi makwao na utafiti nusunusu. Nikaapa sitapigwa changa la macho tena.

Basi binti mmoja wa mwaka wa tatu alipoleta rekodi zake, machale yakanicheza. Alikuwa anachunguza umeme wa ubongo kwa wanawake wenye kifafa. Kazi yenyewe ni kubandika vidude vidogo kwenye ngozi ya kichwa kwa jeli inayonata, na hapo ndipo sote tunapokwama. Mwanamke aliyekaa nusu siku akisukwa rasta hafumui nywele kwa ajili ya mashine yako, hata umbembeleze vipi. Wanafunzi wengine walikuwa wanarudi na wanawake watatu, wanne, na rekodi zimejaa mikwaruzo. Huyu analeta bahasha imetuna, rekodi safi kabisa. Kha! Safi za wapi?

Alikuwa amebakiza wanawake kumi. Akiwapata kabla wafadhili hawajakaa kikao, mwaka wake wa nne unalipiwa. Akiwakosa, anafungasha virago. Nikajisemea, na hao kumi atawatunga tu.

Nikamwita ofisini. "Hawa umewatoa wapi?"

"Chang'ombe, Madam. Nyumbani kwa mama mmoja."

"Mama gani?"

"Madam, naomba nisimtaje. Niliwaahidi siri."

Siri! Neno hilo ndilo lililonimaliza. Mtu mkweli ana siri gani na mratibu wake? Kwenye fomu zake nikakuta mtaa na namba ya nyumba, nikanakili. Jumamosi asubuhi nikaenda bila kumwambia, jalada kwapani, nimejiandaa kukuta nyumba haipo.

Nyumba ilikuwepo, nyuma ya karakana ya mafundi wa mageti. Kibarazani wanawake watano walikuwa wamekaa mkekani, karibu wote vichwa vimefumuliwa timutimu, wanachanana nywele na kucheka. Mwenye nyumba, msusi wa rika langu, akanikaribisha vizuri.

"Karibu mama. Leo tunakusuka nini?"

"Sijaja kusuka. Natoka chuoni," nikasema, kwa sauti ile ninayoitumia ukumbi wa mihadhara. "Kuna binti anasema anakuja hapa na mashine, anafanya utafiti wa kifafa. Anakuja kweli, au ananidanganya? Nani kati yenu amepimwa?"

Vicheko vikakatika. Mwanamke mmoja, rasta nusu kichwa na nusu imeshafumuliwa, akainamisha uso. Jirani yake akamtazama, akavuta kikombe chake cha chai na kusogea pembeni ya mkeka.

"Kumbe ndiyo yale ya chumba cha ndani?" akauliza. "Mbona ulituambia kipandauso?"

Yule mwanamke akainuka. Alijitanda khanga juu ya kichwa kile kile, akavaa ndala, akaondoka.

Hapo mlango wa ndani ukafunguliwa, mwanafunzi wangu akatoka na nyaya mkononi. "Dada, karibu, zamu yako," alianza, kisha akaniona. Nami nikaona kila kitu kwa mara moja. Alikuwa anakuja siku za kufumua, msusi akimwitia kwa siri wateja wake wenye kifafa. Anawapata wamemaliza kuchana na kuosha, kabla ya kusukwa upya, mmoja mmoja, chumbani, na hakuna aliyeombwa kuharibu nywele zake. Jamani! Miaka yote tunahangaika na jeli kutoka ng'ambo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwenda kwa msusi. Nilitamani kumkumbatia. Nilitamani pia ardhi inimeze.

Msusi hakunigombeza mie. Labda alinistahi kwa umri, labda kwa lile jalada. Alimgeukia binti.

"Mwanangu, uliniambia ni siri."

Binti akanitazama kidogo. Angeweza kuninyooshea kidole, na angekuwa na haki.

"Nisamehe, mama," akamjibu.

"Yule dada ana mchumba anakuja kwao mwezi huu. Na hawa wengine watarudi tena kwangu? Kusanya vitu vyako. Usije tena hapa."

Binti akapiga magoti, akaanza kukunja nyaya moja baada ya nyingine, machozi yanamdondoka juu ya mashine. Nilifungua mdomo mara mbili niseme kwamba aliyevunja siri ni mie. Mtu mzima, profesa, sikusema.