Mtetea Aliyewika

Wifi yangu Bibiana, Mama Godwin wa hapa Newala, bombani hufika wa kwanza, na habari za watu huzipata kabla ya maji. Ila mwaka huu habari yenyewe ilikuwa ya kwake.

Mtetea wake mweusi, aliyemlelea vifaranga miaka minne, aliacha kutaga. Upanga wa kichwani ukakua mwekundu, mkia ukarefuka, na asubuhi moja akapanda juu ya pipa, akawika. Mimi nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Kaka yangu Marko hakucheka. Alisema jike kuwika ni mkosi, Jumapili achinjwe, na kaka akishasema ukoo mzima unanoa kisu.

Bibiana alishindwa hata kula. Tangu mumewe afariki, yule kuku ndiye aliyekuwa akiongea naye jioni. Mimi wifi mtu sijawahi kupewa hata nusu ya maneno hayo, na roho iliniuma, sifichi.

Basi akamfunika kanga kikapuni kama mgonjwa, akampeleka kwa bwana mifugo, Salmini. Huyo alimpapasa, akasema ovari imeharibika. Ovari nzima hutoa homoni, nayo hupita kwenye damu, ikaingia ndani ya seli na kuziambia jeni ipi ifanye kazi, ipi inyamaze. Kuku jike ana jeni za mkia wa jogoo tangu akiwa yai, ila homoni huzinyamazisha. Homoni ikikauka, zinaamka. Hakuna mkosi hapo.

Jumapili Marko akaja na kisu. Bibiana alimweleza yote, seli kwa jeni, wala hakusikilizwa. Ndipo akasogea juani, akainua kidevu.

“Shemeji, hesabu hizi ndevu.”

Zilikuwa tatu.

“Zimeota tangu nikome hedhi. Homoni zangu nazo zimepungua, kama za huyu. Kwa hiyo ukichinja, anza na mimi.”

Hedhi, mbele ya shemeji! Nilitamani ardhi inimeze. Kaka alitazama kidevu, akatazama kisu, akakirudisha mfukoni. Akaomba uji, akanywa, akaondoka.

Kuku anawika mpaka leo, tena kabla ya majogoo. Na mimi niliyecheka sana, nilipofika nyumbani nilifunga mlango, nikachukua kioo. Ninao udevu mmoja.