Fundi anayemrudishia simba mtoto wake

Saa moja asubuhi, Ou Lianzhen anabomoa matofali yaliyoziba mlango wa tanuri. Joto linamrudisha nyuma. Anajifuta jasho, anarudi tena. Humo ndani kuna vitu vingi, lakini leo anataka kimoja tu: mtoto wa simba. Nyuma yake amesimama Mzee Mai Guoxiong, mikono mgongoni.

Bi Ou, mwenye miaka 58, ni fundi wa wanyama wa paani hapa Shiwan, kusini mwa China. Wanyama hao wa udongo uliochomwa hadi ukawa mgumu kama jiwe wamekaa juu ya paa la jumba la kuwaenzi mababu, katika kijiji cha ukoo wa Mai, kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Wako arobaini na wawili, wakiwemo simba dume na jike, popo wa baraka na samaki wenye vichwa vya joka wanaoaminika kuzuia moto.

Kimbunga cha mwaka juzi kilimng'oa mtoto aliyekuwa miguuni mwa simba jike. Kwa watu wa Mai hilo si jambo dogo. Simba dume hukanyaga mpira, ndiyo enzi. Jike hushika mtoto, ndicho kizazi.

"Tangu aanguke, hakujazaliwa mtoto hata mmoja kijijini," anasema Mzee Mai, 74, mkuu wa kamati ya jumba hilo. "Nicheke au nilie?"

Bi Ou aliombwa atengeneze mwingine. Wa kwanza alipasuka tanurini. Wa pili alitoka mzima, naye akampeleka kijijini kwa mbwembwe. Huko ndiko alikoumbuka.

Alikuwa amempaka rangi ya kung'aa kuanzia utosini hadi kwenye kucha, kama wapendavyo wateja wa madukani siku hizi. Mafundi wa kale hawakufanya hivyo. Mnyama walimwacha udongo mtupu, ili kila unywele uonekane.

"Mzee alimtazama mara moja tu," anakumbuka. "Akaniambia, 'Mdogo wangu, huyu ni mtoto wa kambo.' Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Marehemu baba yake alimfundisha kuacha udongo mtupu alipokuwa binti wa miaka kumi na minne. Lakini kwa muda mrefu amekuwa akifinyanga simba wadogo wanaometameta, apate walau yuan elfu tatu kwa mwezi. Mimi simlaumu. Tumbo halina likizo.

Kamati ilimpa nafasi ya mwisho. Akishindwa, wanyama wote watashushwa na kuuzwa kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, na paani watawekwa wa saruji.

Sasa Bi Ou anaingiza tanurini mkono uliozungushiwa matambara, anamtoa mtoto wa tatu. Mtoto ana rangi ya udongo, pua imekunjamana, shingo ameigeuza juu kumtafuta mama. Simba jike ameletwa kwa mkokoteni, amelazwa juu ya magunia. Bi Ou anasubiri mtoto apoe, kisha anamsukuma taratibu chini ya mguu wa mama yake.

Anaingia sawasawa. Hata ukucha haupiti katikati.

"Vipi, kaka Mai? Na huyu naye wa kambo?"

Mzee anasogea karibu. Anamzunguka simba, anapitisha kidole gumba kwenye manyoya ya mtoto. Kisha anavua koti lake na kumfunika mtoto nalo.

"Njiani kuna upepo," anasema. "Shika upande huo, twende."

Bi Ou anacheka huku machozi yakimtoka. Nami nakiri, niliangalia pembeni.

Kesho atapanda paa la jumba. Anataka kuwatengeneza wanyama wote walioharibika, na kuwafundisha kazi mabinti wawili wa ukoo huo ili ujuzi usife naye. Ataanza na bata wawili, alama ya ndoa njema. Dume yuko stoo tangu mkia wake uvunjike miaka sita iliyopita.

"Mke anapigwa jua peke yake, mume amefungiwa stoo!" anamtania Mzee Mai. "Hiyo ndoa gani, kaka? Hao nawapatanisha kwanza."