Mwali wa Darasa la Nne

Mwalimu Fanueli alikuwa Mpare na Mlutheri, aliyeletwa kufundisha Pongwe, karibu na Tanga, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi naye tulifundisha vyumba jirani. Mtoto akichelewa hakumchapa wala kumfukuza. Alimtaka tu awaeleze wenzake ameona nini njiani. Mimi niliona huo ni ulegevu. Watoto wake, hata hivyo, walijua kueleza jambo kuliko wangu.

Siku hizo serikali iliweka mtihani mwishoni mwa darasa la nne. Aliyefaulu alikwenda shule ya kati. Aliyeshindwa, au asiyefika siku ile, masomo yake yaliishia hapo. Ulikuwa mpango mbaya, na nausema hivyo bila kuzunguka. Mtoto hahukumiwi kwa asubuhi moja. Lakini sheria humkuta mwalimu tayari ana watoto mbele yake, na ni lazima awavushe.

Katika darasa la Fanueli, aliyetegemewa kuliko wote ni Tabia, binti wa Mzee Mwinyijuma. Mtihani ulipokaribia akavunja ungo, akawekwa ndani kwa desturi ya kwao. Mwali haonwi na wanaume mpaka achezwe ngoma, na mwenye amri juu yake ni kungwi wake, Bi Mwanakhamis. Bahati mbaya, Fanueli aliwahi kusema darasani kuwa mambo ya unyago ni upuuzi, na maneno hayo yalikuwa yameshamfikia bibi.

Fanueli akaenda alikowekwa mwali, akapiga hodi, akasimama uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo Mpare kashuka mlimani kuja kuchezwa ngoma?"

"Nimekuja kumwombea Tabia ruhusa ya asubuhi moja, afanye mtihani."

"Na haya ninayomfunda humu ndani ni upuuzi, sivyo?"

"Nilikosa, bibi. Nilisema nisilolijua."

Bi Mwanakhamis aliendelea kusuka ukili. "Basi keti. Mtu haombi radhi kasimama kama askari wa kodi."

Siku ya mtihani Tabia aliletwa katikati ya wanawake, amegubikwa kanga toka utosini hadi miguuni. Pembe moja ya darasa ilizungushiwa kanga nyingine, naye akaingizwa humo pamoja na kungwi wake. Msimamizi aliyetoka mjini akagoma.

"Nitajuaje anayeandika ni yeye?"

"Lea, mkunga wa zahanati, ataketi naye," akasema Fanueli. "Ndiye aliyemzalisha mama yake."

"Na yule bibi mle ndani?"

"Huyo ni mwalimu mwenzangu."

Msimamizi akagawa karatasi.

Tabia alifaulu. Sasa baba yake ndiye aliyesita, kwa kuwa shule ya kati ya wasichana ilikuwa ya bweni, mbali na kwao. Fanueli alipofika kumsihi alimkuta Bi Mwanakhamis ameshatangulia.

"Mwinyijuma," bibi alikuwa akisema, "nilipomfunda binti yako, ulikuja kuniuliza kama nayajua ninayomfundisha?"

"Sikuuliza, bibi."

"Basi na mwalimu huyu usimuulize. Mfungie mwanao mizigo."

Mzee Mwinyijuma akacheka, akamwita mkewe alete sanduku. Fanueli alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajapata hata nafasi ya kusema alilojia.

Bi Mwanakhamis akasogea, akampisha mkekani. "Keti, Mpare," akamwambia.