Mkalimani Anayeijua Sauti Yangu

Mimi mtu akinikaribisha kupita kiasi, kwanza naangalia mlango wa kutokea uko wapi. Nilikuwa hivyo Tanga, na Sydney haijanitengeneza. Kwa hiyo maktaba ya kwetu Guildford ilipobandika stika ya upinde wa mvua mlangoni, na chini yake maneno kwamba kila mtu anakaribishwa, mwenzangu alitabasamu, mimi nikachungulia kupitia kioo nione ni nani anayekaa kaunta.

Mwenzangu ni mwanamke kama mimi. Yeye wa Mombasa. Tumeishi pamoja miaka mingi, kitanda kimoja, jiko moja, na ugomvi mmoja usiokwisha kuhusu dirisha la chumbani, yeye anataka lifungwe na mimi nataka hewa. Sheria ya nchi hii inaturuhusu hata kuoana. Lakini watu wa pwani hapa mjini ni wachache, tunajuana mpaka kwa kikohozi, na kwao sisi tulikuwa wapangaji wawili tunaochangia kodi. Hatukuwaambia hivyo. Walijisemea wenyewe, sisi tukanyamaza.

Tulinyamaza kwa sababu ya mama yake mwenzangu, aliyeko Mombasa. Kila Ijumaa anapiga simu, anamwombea mwanawe dua ndefu, kisha anamalizia kwa kuniulizia mimi, yule mwenzio wa Tanga hajambo? Mwenzangu aliniambia mara moja tu na hakurudia: mama akijua, hatapiga tena, na yeye hawezi kuishi bila radhi za mama. Basi. Nikijikwaa mimi ulimi, anayepoteza mama ni yeye.

Sasa, ile stika. Mimi nina mdomo, sikuweza kuipita hivihivi. Nikaingia nikamuuliza mwanamke mmoja afisa wa manispaa, niliyemkuta pale akipanga vipeperushi, inamaanisha nini hasa. Akafurahi kuulizwa kama mtu aliyeletewa keki. Akaniambia manispaa inataka kujipima: je, kanuni zake na huduma zake, maktaba, kliniki, kumbi, mabwawa ya kuogelea, zinawafaa wanawake wanaopendana na wanawake, wanaume wanaopendana na wanaume, na waliobadili jinsia? Kutakuwa na kikao, wakazi waseme wenyewe. Ningependa kuja? Nikasema nitafikiri. Akaniuliza nyumbani tunazungumza lugha gani. Nikajibu Kiswahili, na nikatoka nikijiona sijamwambia kitu.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwaka ule wa pili wa korona, lokdauni ya majira ya baridi ikaanza, kikao kikahamishiwa kwenye video. Mwenzangu alisema niende, nani atanijua? Nikafunga kamera, nikamwandikia afisa yule aniandikishe kwa herufi moja tu, nikajifungia chumbani na blanketi mabegani. Afisa akatukaribisha wote, sana, akatupigia mpaka na makofi. Kisha akasema ana habari njema kwangu: wameniletea mkalimani wa Kiswahili, ili niseme kwa raha zangu.

Sauti ikatoka kwenye simu, kamera yake nayo imefungwa. "Assalaam aleikum. Mimi ndiye mkalimani wako leo."

Sauti ile ningeitambua hata kwenye kelele za arusi. Ni ya mama mmoja mtu mzima anayeishi Guildford hapahapa, upande wa pili wa stesheni, ndiye anayesimamia sufuria za pilau kwenye kila shughuli yetu, ndiye anayeitwa mtu akifiwa. Mtu wa Mombasa. Dada yake aliyebaki kule na mama yake mwenzangu wanasali msikiti mmoja. Nikaitikia salamu kwa sauti ya puani, kama mwenye mafua, huku najiona mjinga.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba hakuniuliza mimi wa wapi. Mtu wa pwani akisikia Kiswahili ugenini, kabla hajamaliza salamu ameshakuuliza wa mji gani, mtaa gani, mtoto wa nani. Yeye hakuuliza lolote. Nikajisemea, asiyeuliza ni yule ambaye ameshajua.

Wenzangu kwenye kikao wakasema yao, kwa Kiingereza. Mmoja alilalamikia vyumba vya kubadilishia nguo bwawani, mwingine akaisifu maktaba. Mimi nilikuwa nimeapa sitafungua kinywa. Kisha afisa akaniuliza mimi kwa upole, je, ninajisikia huduma zao ni zangu? Angeniacha. Wallahi kama angeniacha, ningekaa kimya mpaka mwisho. Lakini aliuliza, na hasira ikanipanda, na mimi hasira ikinipanda Kiingereza hunikimbia chote, kinabaki cha kuhesabia maboksi ya dawa kule ghalani Ingleburn ninakofanya kazi.

Nikasema kwa Kiswahili, bila mafua. Nilisema huduma zenu ni nzuri kwa Mzungu. Mzungu akiingia kliniki akasema anaishi na mwanamke mwenzake, anamwambia mgeni, na mgeni anakwenda zake nyumbani. Mimi nikitaka kusema hivyo kwa lugha yangu, mnaniletea jirani yangu. Mnanifungulia mlango wa mbele na kumweka mtaa mzima sebuleni. Kisha nikasema neno ambalo hata sasa nikilikumbuka nasikia joto masikioni.

"Ninamwogopa huyuhuyu anayenisemea sasa hivi."

Nikaona nyuso za wale wenye kamera zikisubiri tu, wao walikuwa hawajaelewa kitu. Mkalimani akavuta pumzi. Na akaanza kutafsiri, neno kwa neno, bila kuruka, bila kulainisha: Mzungu, kliniki, jirani, sebule. Wakalimani husema kwa "mimi", kama wao ndio wewe, kwa hiyo nilimsikia mama wa pilau akiwaambia watu wa manispaa kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye anaishi na mwanamke mwenzake. Kiingereza changu cha ghalani kilinitosha kumfuatilia. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho hakutikisika. Akasema anamwogopa huyuhuyu anayemsemea sasa hivi. Afisa akakodoa macho, akaandika kitu, akanishukuru kwa ujasiri wangu.

Ujasiri! Nilizima simu nikakaa sakafuni. Mwenzangu aliingia na chai, akanitazama, akaelewa kabla sijasema. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Aliuliza tu ni sauti ya nani. Nilipomwambia, aliweka kikombe chini, akaenda kusimama dirishani.

Siku zilizofuata ziligeuka za upelelezi. Mtu akiandika kitu kwenye kundi la simu la akina mama, nakisoma mara tatu. Mtu asipoandika, ndiyo kabisa. Yule mama alituma dua ya asubuhi kama kawaida yake, na mimi nikaipekua dua kutafuta kijembe. Ijumaa ikafika. Simu ya Mombasa ikachelewa. Mwenzangu alikaa nayo mkononi hata chakula hakugusa. Ilipolia, mama yake alianza kwa kusema, "Nimesikia mambo ya huko kwenu." Mwenzangu akashika ukingo wa meza. Mama akaendelea: eti mmefungiwa tena ndani, polisi wako barabarani, mnakula nini? Ilikuwa korona tu. Tulicheka simu ilipokatika, halafu yeye akalia, na mimi nikajichukia.

Ikaja Idi ya kuchinja. Hapa sharti nieleze. Akina mama wetu, chakula cha Idi wanakigawa kwa nyumba: mke na mume na watoto wao, chombo kimoja kikubwa. Lakini wapangaji, kila mtu na kopo lake la aiskrimu, lenye jina juu, wasije wakagombania nyama. Miaka yote sisi tumepokea makopo mawili. Mwenzangu alikuwa akiyamimina kwenye sahani moja bila neno, na mimi nilikuwa nikiosha makopo na kukasirika bila kusema kwa nini.

Mchana ule wa Idi kengele ikalia. Nikafungua, nikaona mlangoni bakuli kubwa la kauri lenye maua ya bluu, limefunikwa kwa kitambaa safi, biriani linanukia hadi ndani. Bakuli moja. Yule mama alikuwa ameshasogea hadi kwenye geti, barakoa usoni, mikono nyuma.

Nikatazama kushoto na kulia kwake. Makopo hayakuwepo. Nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Idi njema, wewe na mwenzio."

Nikamwambia, mama, kuhusu siku ile. Sikujua nitamalizaje, lakini hakuniachia nafasi.

"Siku ile mimi sikuwepo," alisema. "Uliyekuwa ukisema ni wewe." Kisha akaniagiza bakuli nisilivunje, ni la marehemu mama yake, akaenda zake.

Mtu mwingine angelia kwa furaha. Mimi nikaanza kufikiri nani alimwona akilibeba, nani alimsaidia kupakua, na alimwambia nini yule aliyeuliza makopo mawili yako wapi. Mwenzangu alilila lile biriani kwa utulivu, akaniambia, kula, litapoa. Nikala. Lilikuwa tamu, na bado nilikuwa na shaka.

Bakuli la watu halirudishwi tupu, hilo kila mtu analijua. Mwenzangu akakaanga visheti, akavimwagia sukari, tukatoka wote wawili, kutembea kwa mazoezi kuliruhusiwa. Yeye alishika upande mmoja wa bakuli na mimi upande wa pili, kwa sababu lilikuwa zito, ndivyo tulivyoambiana. Tulipofika, mama alitoka mlangoni kulipokea. Dirisha la juu likafunguka, wifi yake akachungulia, mwanamke ambaye akijua kitu saa nne, Mombasa wanakijua kabla ya adhuhuri yao. Akauliza kwa sauti ni akina nani hao, na mbona wamebeba bakuli moja watu wawili?

Nikahisi vidole vya mwenzangu vikinishika mkono chini ya bakuli.

Yule mama hakugeuka hata kumtazama wifi yake. "Si wale wapangaji," alijibu. "Makopo yaliniishia." Akachukua bakuli, akafunua kitambaa, akaonja kisheti kimoja mbele yetu, akatikisa kichwa kukisifu. Uongo ule aliusema kwa uso mkavu kabisa, mtu mzima, siku za Idi. Niliona aibu kwa ajili yake na nikataka kumbusu mkono, vyote kwa pamoja. Njia nzima ya kurudi mwenzangu hakuuachia mkono wangu, mpaka kwenye kona ya stesheni, ambako sisi huachiana.

Baadaye afisa wa manispaa alinipigia. Alisema maneno yangu yamewagusa, wameyatia kwenye tathmini yao, na kuanzia sasa nitatafutiwa mkalimani wa mbali, wa jiji jingine kabisa, asiyenijua wala kumjua mtu yeyote ninayemjua. Alisema hivyo kwa fahari, na alistahili, kwani ndicho nilichokuwa nimekiomba. Mwenzangu alikuwa amekaa kando yangu anakuna nazi. Aliacha kukuna, akanitazama.

Nikamwambia afisa sitaki. Nikamwambia mleteni yuleyule. Akashangaa, akauliza kama nina uhakika, kwani si ndiye niliyesema namwogopa?

"Bado namwogopa," nikamjibu. "Mwambieni safari hii afungue kamera. Na mimi nitafungua yangu."